Ukikabidhiwa madogo wa udaktari uwafundishe magonjwa ya akili

Jumatatu asubuhi, Mbeya, baridi la mwezi wa saba, mlangoni wamesimama madogo kumi na mbili wamevaa makoti meupe juu ya masweta, na mkuu wa idara amekwambia jana jioni tu kwamba "dokta, hili kundi ni lako wiki nne". Projekta inawaka ikijisikia. Nusu ya hao madogo wanaiona hii rotesheni ni ya kupumzikia baada ya kukimbizwa wodi ya upasuaji, na nusu nyingine wanaogopa kupigwa na wagonjwa. Kama hiyo ndo hali yako basi kaa hapa, nimefundisha hili somo miaka kadhaa na nimelifundisha vibaya miaka kadhaa pia, kwa hiyo nakuandikia yote mawili.

Kitu kimoja ukikishika vingine vitajipanga: fundisha kuuliza kabla ya kufundisha majina ya magonjwa. Kwa sababu hawa madogo karibu wote hawatakuwa mabingwa wa magonjwa ya akili. Baada ya intani mmoja atapelekwa Ileje, mwingine Makete, mwingine Ludewa, atakuwa peke yake usiku na sista mmoja, ataletewa mtu kafungwa kamba nyuma ya pikapu, na hapo hamna bingwa wa kupigia simu saa nane za usiku. Kitakachomsaidia pale ni mdomo wake na masikio yake.

Mimi mwaka wa kwanza nilianza na slaidi. Dopamini, serotonini, njia nne za dopamini kwenye ubongo na rangi zake. Wakafaulu mtihani vizuri tu. Halafu nikawapeleka wodini, dogo mmoja mzuri sana darasani akakaa na bibi mmoja katokea Tukuyu, akamsalimia, akafungua daftari, akamuuliza: "Bibi, unasikia sauti?" Bibi akamwambia, "Nakusikia mwanangu, nakusikia vizuri kabisa." Dogo akaandika kwenye faili: anasikia sauti. Nililikuta lile faili jioni na dozi ya haloperido, dawa ya watu wanaosikia sauti zisizokuwepo, imeshapendekezwa pembeni kwa penseli. Tangu siku ile projekta nikairudisha stoo.

Siku ya kwanza ni ubao na chaki tu

Waambie waandike ubaoni maneno yote wanayoyajua ya mtu anayeumwa akili, bila aibu, kama yanavyosemwa mtaani kwao. Utapata kichaa, chizi, mwehu, punguani, karukwa na akili, fyuzi imekatika, kapandisha mashetani, katupiwa, karogwa, kachezewa. Na yatakuja ya lugha za kwao, Kinyakyusa, Kihehe, Kibena, Kisafwa, hayo waache wayaeleze wenyewe usijifanye unajua. Watacheka sana, waache wacheke, ndo kazi ya ile siku, maana kicheko kikishatoka pale darasani hakitatoka wodini mbele ya ndugu wa mgonjwa.

Kisha upande wa pili wa ubao waandike yale ambayo mgonjwa mwenyewe huwa anasema. Hapa watakwama, na hapa ndo pa kukaa muda mrefu. Mgonjwa wa huku haji akasema nina sonona. Anasema kichwa kinawaka moto, anasema kuna kama wadudu wanatembea kichwani, moyo unaenda mbio, mwili hauna nguvu, nawaza sana, usingizi umehama. Ameshapimwa malaria mara nne, typhoid mara tatu, amekunywa dawa zote, hajapona. Dogo asiyejua hiyo orodha atampima malaria mara ya tano.

Na hilo neno sonona lenyewe, ndo neno rasmi na lipo kwenye mabango, silikatai. Ila dogo wangu mmoja alimwambia mama fulani mbele ya shemeji yake "mama, vipimo vyetu vinaonyesha una sonona", yule mama akasimama. "Kisonono? Mimi? Nimekitoa wapi mimi kisonono?" Ilituchukua nusu saa kumrudisha kwenye kiti na mpaka leo sijui shemeji alienda kusema nini nyumbani. Wafundishe kueleza ugonjwa kwanza ndipo wataje jina: mama, hivi ulivyokosa usingizi, chakula hakipandi, shamba hulitamani tena, moyo umesononeka muda wote, huo ni ugonjwa, unatibika, na jina lake ni hili.

Siku hiyohiyo uzime utani wa makabila. Utausikia tu, hasa ukifika Iringa: "Mhehe ukimuudhi anaenda kujinyonga." Na yule anayetoka Sumbawanga ataulizwa kama alikuja na ungo. Kuna watakaokutajia Mkwawa kabisa, yule chifu wa Wahehe, kwamba alijipiga risasi mwaka 1898, kwa hiyo ipo kwenye damu. Mkwawa alikuwa amezingirwa na Wajerumani na hakutaka kukamatwa, hiyo ni vita, haina uhusiano na kijana wa Kilolo aliyeacha kula wiki tatu. Ubaya wa ule utani ni kwamba dogo akiletewa huyo kijana anaona ni mila yao, hamuulizi kitu.

Maswali yenyewe

Uchunguzi wa hali ya akili umeandikwa kwenye vitabu vyote: mwonekano na tabia, maongezi, hali ya moyo, mawazo, kusikia na kuona visivyokuwepo, utambuzi, na kama mwenyewe anajua anaumwa. Ule mpangilio waukariri, sawa. Kazi yako ni kuwapa Kiswahili chake, maana wameusoma kwa Kiingereza na watauliza kwa Kiswahili, na katikati hapo ndipo mambo yanapopotelea.

Anza na salamu, na sitanii. Shikamoo mzee, subiri marahaba, habari za nyumbani, habari za shamba, mvua zimenyesha? Akiwa Mbena au Mhehe mpe "kamwene" hata kama ndo neno pekee unalolijua. Salamu ya huku ni ndefu, na wakati inaendelea wewe umeshaona vitu vingi: anakuangalia au hakuangalii, anajibu haraka au unasubiri mpaka unadhani hajasikia, nguo zimefungwa vifungo sawa, kanuka pombe, kacheka mahali pasipo na kicheko. Wape zoezi, baada ya salamu tu wageuke ukutani waandike kila walichokiona, kabla hawajauliza swali hata moja la ugonjwa. Mara ya kwanza wanaandika mistari miwili. Wiki ya tatu wanajaza ukurasa.

Kusikia sauti uliza hivi: "Kuna wakati unasikia watu wanaongea, ukigeuka kuangalia hamna mtu?" Akisema ndio, unaendelea: wanaongea na wewe, au wanaongea wao kwa wao kuhusu wewe? Wanasemaje? Wanakuamrisha? Ulishawahi kutii? Zile dalili alizoziainisha Kurt Schneider, daktari wa akili wa Kijerumani, sauti zinazojadiliana kuhusu mtu, mawazo kupandikizwa au kuchukuliwa, watazielewa zenyewe wakishasikia mgonjwa mmoja anazieleza kwa maneno yake. Usiwape orodha kabla.

Hali ya moyo usiulize "moodi yako ikoje". Uliza "moyoni ukoje siku hizi?" halafu nyamaza. Wafundishe kunyamaza, hesabu kumi kichwani, madogo hawawezi kabisa kimya, wanajaza na swali lingine na mgonjwa alikuwa ndo anataka kufungua mdomo. Kujua kama raha imeisha uliza kitu chake mwenyewe: mama alikuwa anaimba kwaya, bado anaenda? Kijana alikuwa hakosi kwenda Sokoine kuangalia mpira, mara ya mwisho lini? Hiyo inakupa jibu kuliko "je, umepoteza shauku ya shughuli za kila siku", hilo swali hata mimi ningesema hapana.

Mawazo potofu ndo pagumu. Mtu akikwambia jirani kamroga, dogo ataandika imani potofu, anampa saikosisi, yaani akili kuachana na uhalisia. Sasa huku ukianza hivyo utaandikia dawa kata nzima. Waulize: ndugu zake nao wanasema hivyo? Kanisani kwao wanasema hivyo? Amelisema lini, baada ya tukio gani, na maisha yake yamebadilikaje? Mama yake anaamini uchawi upo ila anakwambia "dokta, huyu anavyosema siyo, sisi wenyewe anatutisha", hapo simama. Familia inaijua mipaka ya imani yake vizuri kuliko wewe. Akikwambia jirani kamwekea redio kwenye jino na inatangaza anachofikiria, hapo wala huhitaji kumuuliza mama.

Utambuzi: vile vipimo vya kuhesabu mia toa saba toa saba, mzee wa Makete ambaye hakumaliza la pili atashindwa na siyo mgonjwa. Mpe hela. Una elfu kumi, umenunua viazi vya elfu tatu na mia tano, chenji shilingi ngapi? Wazee wanajibu kabla sijamaliza. Kuangalia umakini mwambie ataje siku za wiki kurudi nyuma kuanzia Jumapili. Tarehe asipoijua muulize mwezi, mwezi asipoujua muulize sasa hivi watu wanafanya nini shambani, wanapanda au wanavuna. Methali za kupima kufikiri kwa undani zitumie kwa uangalifu, "mtaka cha uvunguni sharti ainame" wengine wanaijibu vizuri kwa sababu wameikariri shuleni, siyo kwa sababu wamefikiri.

Kujiua

Hili lina siku yake nzima, usilibane mwisho wa kipindi. Madogo wanaogopa kwamba wakiuliza watampa mtu wazo. Waambie waziwazi: kuuliza hakumpi mtu wazo, wengi wanapumua, ni kama umempokea mzigo aliokuwa ameubeba peke yake. Na wape ngazi, wapande moja moja. Kuna wakati unaona heri ungelala usiamke? Umeshawahi kufikiria kujitoa uhai? Ulifikiria ungefanyaje? Hicho kitu kipo nyumbani sasa hivi? Nini kimekuzuia mpaka leo? Hili la mwisho wasilisahau, majibu yake, mtoto, mama, Mungu, ndo unayoyajengea mpango.

Wapange wawiliwawili wafanye mazoezi wakitazamana, na hakikisha neno "kujiua" linatoka mdomoni. Nimeona madogo wakiuliza "huna mawazo yale... yale mabaya?" huku wanaangalia sakafu. Mgonjwa naye anajibu sina. Anajibu sakafu.

Huku kwetu sumu za shamba zipo kila nyumba, dawa za viazi, za nyanya, zimewekwa chini ya kitanda au jikoni. Dogo ajue kwamba kumwambia ndugu aziondoe nyumbani azipeleke kwa mtu mwingine au azifungie na ufunguo akae nao, hiyo ni tiba, aiandike kwenye faili kama anavyoandika dozi. Halafu wajue kwamba Kanuni yetu ya Adhabu, kifungu cha 217, imelifanya jaribio la kujiua kuwa kosa, ndo maana ndugu wanakuja na stori ya "alidhani ni soda". Ukiisikia hiyo stori usibishane nao mapokezi. Okoa mtu kwanza, maongezi ya kweli yanakuja siku ya pili, akiwa peke yake na wewe, pazia limevutwa.

Kabla hujasema ni akili, pima mwili

Hapa naongea kwa uchungu. Nikiwa mdogo kazini, hospitali moja ya wilaya huku kusini sitaitaja, waliniletea baba wa miaka kama hamsini na kitu anatukana, anarusha mikono, jasho linamtoka, watu watano wamemshika. Mkewe anasema kaanza leo asubuhi. Nikamchoma sindano ya kumtuliza, akatulia, nikajisifu kimoyomoyo. Sista wa zamu, mama mtu mzima, akasema taratibu, "dokta, tumpime sukari?" Ilisoma 1.8, imeshuka mno. Alikuwa anatumia vidonge vya kisukari na hakuwa amekula tangu jana yake. Alipona, siyo kwa akili yangu. Hii stori nawaambia kila kundi na sijabadilisha hata sehemu ile ya kujisifu.

Kwa hiyo sheria ya wodi yangu: hamna dogo anayeruhusiwa kutamka saikosisi mbele yangu kama hajaniambia sukari, joto, MRDT (kile kipimo cha haraka cha malaria), hali ya VVU, pombe, na kama kichwa kiligongwa. Bodaboda wameongeza hilo la mwisho. VVU usiuchukulie kirahisi maana Njombe, Iringa na Mbeya ndo mikoa inayoongoza nchini, na ubongo unaguswa na virusi vyenyewe, na magonjwa nyemelezi, na wakati mwingine hata dawa, wale waliokuwa kwenye efavirenzi wakati ule watakwambia habari za zile ndoto.

Wape tofauti ya deliriamu, yaani akili kuvurugika kwa sababu ya ugonjwa wa mwili, kwa maneno manne wasiyoyasahau: imeanza ghafla, inapanda na kushuka, umakini haupo, usiku inazidi. Mtu anaona vitu zaidi ya kusikia, anashika wadudu hewani, mchana anakutambua, saa mbili usiku anakuita marehemu kaka yake. Huyo si wa kwetu, huyo ni wa wodi ya ndani na haraka. Na mtu wa miaka sitini anayechanganyikiwa kwa mara ya kwanza maishani usimpe skizofrenia, ile saikosisi ya muda mrefu, maana huanza ujanani, tafuta kitu kingine kwanza.

Pombe. Uliza kwa vipimo vya hapo. Chupa ngapi kwa siku haina maana kwa mtu wa ulanzi, pombe ya mianzi, huyo anapimiwa kwa lita, na msimu wa mvua ulanzi ukiwa mwingi ni tofauti kabisa na kiangazi akiwa kwenye komoni. Viroba vilipigwa marufuku Machi 2017 lakini pombe kali za bei rahisi hazijaisha mtaani. Kinachowachanganya madogo ni mgonjwa aliyelazwa kwa mguu uliovunjika, siku ya kwanza mzima, siku ya tatu anatetemeka, anatoka jasho, anaona nyoka ukutani. Ndugu wanasema wodi hii ina mapepo. Hesabu masaa tangu anywe mara ya mwisho, ile hali kali huja kati ya masaa 48 na 96. Na thiamini (vitamini B1) itangulie kabla ya dripu ya sukari, hilo liandike ubaoni lisifutwe wiki nzima.

Halafu kifafa, ambacho kwa huku lazima kifundishwe hapahapa maana wagonjwa wake wanakuja kliniki yetu. Mbozi na vijiji vya Mbeya vinafuga sana nguruwe na tegu ubongoni ipo. Madogo karibu wote wanaikosea hii: kula kitimoto ambacho hakijaiva kunakupa tegu tumboni. Ile ya ubongoni unaipata kwa kumeza mayai ya tegu yanayotoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu, mikono michafu, maji, mboga. Kwa hiyo Msabato ambaye hajawahi kuonja nguruwe maisha yake yote anaweza kuanza degedege ukubwani kwa sababu hiyo. Mwenye kifafa anayeanza ukubwani afikiriwe hivyo.

Nikifika hapo huwa nawapa stori ya Mahenge, ni kwa jirani zetu Wapogoro. Mwaka 1960 daktari mmoja wa Kinorwei, Louise Jilek-Aall, alianza kliniki ya kifafa kule, watu walikuwa wametengwa, wana makovu ya moto kwa kuangukia jikoni, hamna anayekula nao sahani moja. Dawa yake kubwa ilikuwa fenobabito, ile ile ambayo dogo ataikuta kwenye kabati la zahanati.

Wiki ya pili ndo majina

Sasa unaweza kuwapa majina, na siyo mengi. Saikosisi, sonona na mania (kuchangamka kupita kiasi), wasiwasi uliopitiliza, pombe na bangi, basi. Mengine watasoma. Namba za kukariri, yaani muda ambao dalili ziwe zimekaa, ni chache pia: sonona wiki mbili, mania siku saba, na kwa skizofrenia ICD-11, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022, inataka mwezi mmoja na Wamarekani kwenye DSM-5, kitabu chao cha magonjwa ya akili, wanataka miezi sita, dogo akiulizwa kwenye mtihani aseme anatumia kipi. Mwongozo wa mhGAP wa Shirika la Afya Duniani wawe nao kwenye simu, umeandikwa kwa ajili ya mtu asiye bingwa, yaani wao. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 wasome angalau mara moja, hasa kuhusu kumlaza mtu asiyetaka.

Usisahau mama aliyejifungua. Halali siku ya tatu, anaongea haraka, anasema mtoto siyo wake. Hiyo ni dharura, mtoto asiachwe naye peke yake, na asirudishwe nyumbani na panadol.

Dawa

Chache tena. Historia wape dakika tano, kwamba John Cade aliandika habari za lithiamu kutibu mania Australia mwaka 1949 na kloropromazini, dawa ya saikosisi, ikaingia hospitali za Paris mwaka 1952, wajue kwamba haya mambo ya kutibu kwa vidonge ni ya juzi tu. Kisha nenda kwenye kile watakachokutana nacho usiku.

Nacho ni hiki. Kijana kachomwa haloperido jana, leo jioni shingo imepinda upande, macho yameangalia juu hayashuki, ulimi umetoka, mdomo hauwezi kufunga, na akili zake timamu kabisa, analia machozi. Ndugu wameshaanza kumwombea, mmoja yuko kwenye simu na mganga anaambiwa pepo limekasirika kwa kupelekwa hospitali. Dogo ajue kwamba huyu ni misuli imeshikwa na dawa, ampe benzeksoli, au sindano ya promethazini au diazepamu kama ndo iliyopo, na avute kiti akae. Mbele ya ndugu ile shingo inarudi yenyewe taratibu. Ikifika siku hiyo na wanafunzi wapo, ita wote, hata aliyeko kantini. Na ndugu wakiona hivyo muda huohuo waeleze kilichotokea, maana mkiondoka bila kueleza sifa zote zinaenda kwa yule aliyekuwa anaombea.

Fluoksetini, dawa ya sonona, waambie inachukua wiki mbili mpaka nne ndipo mtu aone nafuu, na mgonjwa aambiwe hivyo siku ya kwanza, la sivyo wiki ya kwanza anaitupa. Valpuroeti, dawa ya kifafa na mania, usimpe msichana kwa mazoea bila kuongea habari za mimba. Na kila dawa dogo anayoiandika amuulize mgonjwa nauli. Kutoka Chunya kuja mjini kila mwezi ni pesa, kama dawa inapatikana kituo cha karibu aandike barua aipeleke huko.

Mganga

Swali la "mmeshapita wapi?" liulizwe bila kukunja uso. Wamepita kwa mganga, wamepita kwenye maombi, wengine bado wanaendelea na vyote. Dogo akicheka au akitoa mhadhara wa sayansi, hawarudi. Nawafundisha waseme hivi: maombi endeleeni, ila na vidonge asiache, na kama mtapewa cha kunywa nionyesheni kwanza. Akiwa na alama za kamba mikononi muulize aliyemleta, ilikuwaje mpaka mkamfunga, usimuulize nani kamfunga. Mara nyingi ni mama mjane na watoto wadogo, usiku, hakuwa na njia nyingine, na anakuambia huku anamfuta kijana wake makamasi. Mfungue taratibu ukiongea naye, jina lake, kila fundo umwambie unafungua hili sasa. Dogo mmoja awe karibu na mlango, mgonjwa naye asizibiwe mlango, na hakuna kumzunguka watu sita.

Mtihani

Usiwape karatasi tupu. Mpe kila mmoja dakika kumi na mgonjwa ambaye amekubali mwenyewe, wewe kaa pembeni unyamaze. Alama nyingi ziende kwenye jinsi alivyouliza na alivyosubiri, chache kwenye jina la ugonjwa. Halafu mwulize mgonjwa akishatoka dogo: ungependa huyu akutibu tena? Nina mzee mmoja wa kliniki hapo Uyole kwetu, amekuja mara nyingi kunisaidia mtihani, ni mkali kuliko mimi. Aliwahi kumwangusha dogo wa wastani mkubwa kabisa darasani, sababu yake: "Aliangalia saa."

Na jiandae kwa kitu kimoja ambacho hakimo kwenye ratiba. Wiki ya tatu au ya nne, wenzake wameshatoka, mmoja atabaki anapangapanga madaftari. "Dokta samahani, kuna rafiki yangu halali, amekata tamaa kabisa." Usimkatishe, usimwambie mlete huyo rafiki. Vuta kiti, funga mlango, na umuulize maswali yale yale ya ngazi uliyomfundisha, mpaka juu. Ila usiwe daktari wake, wewe ndo unampa alama na hawezi kukwambia yote. Tafuta mapema mwenzako ambaye hafundishi kundi lako, anayeweza kumwona siku hiyohiyo bila jina lake kuandikwa kwenye kitabu cha idara, na namba yake iwe kwenye simu yako kabla ya ile Jumatatu.